Sanamu Zisizo na Uso: Likasi, New York na Msalaba wa Shaba

Mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, kwenye uwanja wenye bwawa la duara, imesimama sanamu ya bronzi yenye kimo cha mita 6.4. Haina kichwa wala mikono, na haifanani na mtu yeyote. Ni bamba nene lililosimama wima, kingo zake zimejipinda bila kulingana, na karibu na kilele chake pana tundu moja la mviringo ambalo mtazamaji huliona anga kupitia humo. Juu ya uso wa bamba imepita mistari michache. Basi. Jina lake ni Single Form, yaani Umbo Moja, na aliyeichonga ni Mwingereza Barbara Hepworth.

Watalii huipiga picha na kupita. Mtu wa Likasi akifika pale ana sababu ya kukaa zaidi, kwa kuwa sanamu hiyo isingekuwa mahali pale lau si vita vya Katanga vya Septemba 1961, na siku tano za vita hivyo zilipiganwa mjini kwake. Tena si hiyo tu. Chicago iko sanamu nyingine ya bronzi, isiyo na uso vilevile, ambayo nayo haielezeki vizuri bila kutaja mgodi ulio kilomita kama 20 kutoka Likasi. Mji huu wa Haut-Katanga, wenye komuni zake nne za Likasi, Kikula, Panda na Shituru, una hisa katika sanamu mbili mashuhuri kabisa za karne ya 20, na wachache sana wamewahi kuudai urithi huo.

Sanamu za aina hii huitwa sanamu dhahania. Mchongaji wake haigi sura ya mtu, ya mnyama wala ya kitu chochote. Anafanya kazi kwa umbo lenyewe: uzito, mkunjo, tundu, kivuli, na nafasi iliyobaki wazi kati ya kipande na kipande. Zikiwekwa nje, katika uwanja au bustani au njia panda, huzua ubishi popote zilipo, kwa sababu mpita njia hajakata tiketi ya kuingia makumbusho. Amekutana nazo tu, na swali lake la kwanza ni lile lile kila mahali: hii ni nini?

Kwa ile ya New York, jibu linaanzia Jadotville.

Hilo ndilo lililokuwa jina la Likasi hadi mwaka 1966, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa mmoja wa vigogo wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo mali zake nchini zilikuja kutaifishwa na kuwa Gécamines. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Umoja wa Mataifa ukaleta majeshi. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kikosi cha Waayalandi takriban 150, wakiongozwa na Kamanda Pat Quinlan, kilipelekwa Jadotville. Asubuhi ya Jumatano tarehe 13 kikashambuliwa na askari wa Katanga wakisaidiwa na mamluki wa kizungu, na ndege moja ya kivita aina ya Fouga Magister ikawa inakuja juu yao na kurudi. Msaada uliotumwa kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ulikwama kwenye daraja la mto Lufira. Tarehe 17, maji yamekwisha na risasi zimekwisha, Quinlan alisalimu amri. Katika kikosi chake hakufa hata mtu mmoja, na bado iliwachukua Waayalandi miongo kadhaa kuwatazama wanaume hao kama mashujaa badala ya watu waliojisalimisha.

Usiku ule ule wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege iliyokuwa imemchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo. Alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe ili mapigano yasimamishwe. Ndani ya ndege walikuwamo watu 16. Mmoja peke yake alitolewa akiwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye. Chanzo cha ajali hiyo kinabishaniwa mpaka leo, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofufuliwa katika miaka ya karibuni uliwekwa mikononi mwa Mtanzania: Jaji Mohamed Chande Othman, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Hammarskjöld na Hepworth walikuwa marafiki. Katibu Mkuu huyo, Mswidi mkimya aliyependa vitabu na sanaa, alikuwa na kazi ndogo ya Hepworth ya mti wa msandali. Habari za kifo chake zilimkuta mchongaji huyo katika karakana yake huko St Ives, mji wa wavuvi kusini magharibi mwa Uingereza. Mwaka huo huo kuna kazi yake ya mti wa mwalnati aliyoipa jina lenye neno Septemba ndani yake. Ikafuata nyingine ya bronzi, iliyowekwa kwenye bustani ya Battersea, London. Mwisho ikaja hii kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza, iliyosubiwa kwa vipande London, ikavushwa bahari na kuzinduliwa tarehe 11 Juni 1964 mbele ya Katibu Mkuu mpya, U Thant. Ukiitazama vizuri, mistari ile juu ya bamba hufuata maungio ya vipande. Hepworth hakuyaficha.

Angeweza kutengenezwa Hammarskjöld mwenyewe, na suti yake na tai yake, ameshika faili. Sanamu za namna hiyo zimejaa duniani, na nyingi humaliza habari yake kwa mtazamo mmoja. Hii ya Hepworth haimalizi. Tundu lile lipo, na kila anayelitazama analijaza kwa lake: mtu aliyetoweka, dirisha, jua, jicho. Kwa kifo ambacho zaidi ya miaka 60 baadaye hakijapata maelezo kamili, umbo lenye nafasi wazi lina ukweli zaidi kuliko uso wenye tabasamu.

Tundu lenyewe lina historia yake. Mwaka 1932 Hepworth alichonga jiwe kisha akalitoboa katikati, jambo ambalo wachongaji wa Ulaya hawakuwa wamelizoea, maana kwao jiwe lilikuwa kitu cha kuchongwa kwa nje. Rafiki na mshindani wake Henry Moore naye akaanza kutoboa. Wote wawili walitoka eneo moja la Yorkshire, eneo la makaa ya mawe na viwanda vya nguo, wakasoma pamoja chuo cha sanaa cha Leeds na baadaye London. Na ni huyu Moore anayeturudisha Likasi kwa njia ya pili.

Tarehe 2 Desemba 1967, kwenye Chuo Kikuu cha Chicago, ilizinduliwa sanamu yake iitwayo Nuclear Energy, Nguvu ya Nyuklia. Ina kimo cha karibu mita 3.7. Sehemu ya juu ni kuba laini lililong'arishwa, chini yake pana mihimili na mapango. Mwingine huona fuvu la kichwa, mwingine wingu la bomu, mwingine matao ya kanisa, na Moore alitaka yote yaonekane kwa pamoja. Imesimama hasa pale ambapo, miaka 25 kabla, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuwasha na kudhibiti mfululizo wa mpasuko wa atomu.

Ndipo linapoingia jina la Shinkolobwe, ule mgodi ulio karibu na Likasi. Madini ya uraniamu yaligunduliwa hapo mwaka 1915, na kwa miaka mingi kilichotafutwa ni radiamu ya kutibia saratani. Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kuhamishia New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe, mali iliyokuwa tajiri kupindukia ikilinganishwa na ile ya Kanada au ya Marekani kwenyewe. Septemba 1942 aliliuzia jeshi la Marekani. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa bomu la atomu, ukiwamo wa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika shimo hilo. Nakala ndogo ya sanamu ya Moore iko leo katika jumba la sanaa ya kisasa la jiji la Hiroshima. Shinkolobwe kwenyewe, mashimo yalizibwa karibu na uhuru, wachimbaji wadogo wakarudi kwa ajili ya kobalti, na mwaka 2004 serikali ikaufunga mgodi rasmi, ingawa baadaye mwaka huo huo maporomoko yakaua watu.

Kwa hiyo ipo Chicago, ipo Hiroshima. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawajatajwa katika mojawapo ya sanamu hizo, na hilo si jambo la kumlaumu Moore peke yake.

Kuna watu watakaosema kwamba sanamu za namna hii ni mambo ya wazungu, na kwamba Mwafrika anataka kumwona mtu akiwa mtu. Katanga ndipo mahali pa mwisho pa kusemea hivyo. Umbo linalojulikana kuliko yote katika nchi hii, lililokuwepo karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza, ni dhahania kabisa: msalaba wa shaba wenye mikono minne iliyotanuka, unaofanana zaidi na herufi X kuliko na msalaba wa kanisani.

Waakiolojia walioanza kuchimba makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba kaskazini mwa Likasi, mwishoni mwa miaka ya 1950 waliikuta misalaba hiyo imelazwa pamoja na maiti. Ya zamani ni mikubwa na michache. Kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo, mingi, na inalingana ukubwa, dalili kwamba kitu kilichoanza kuwa cha heshima kilikuwa kimegeuka fedha ya kuhesabika. Katika karne ya 19 ikarudi kuwa mikubwa, mingine ya uzito wa karibu kilo moja, ikisafirishwa na misafara ya biashara mbali na Katanga. Mwami Msiri wa Bayeke, aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa mwezi Desemba 1891, alijenga sehemu ya nguvu zake juu ya shaba hiyo.

Namna ilivyotengenezwa imehifadhiwa kwa maandishi na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, aliyechapisha mwaka 1926 makala juu ya mafundi walioitwa “wala shaba”. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Watu walipanda vilima ambavyo miti imekataa kuota, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi huua mizizi, wakachimba malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likashindiliwa makaa ya miti na mawe, na vijana wakavuta mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikashuka chini. Kisha ikayeyushwa tena na kumiminwa katika kalibu iliyochimbwa kwa kidole na kijiti kwenye mchanga. Msalaba ukitolewa, upande uliolala kwenye mchanga ulibaki na chembechembe zake, na upande uliopoa hewani ukabaki na mikunjo ya kimiminika kilichoganda. Ushike leo kwenye makumbusho ya Lubumbashi, kama mlinzi atakuruhusu: hauna mkono mmoja ulio sawa na mwenzake.

Fundi yule hakutafuta kuiga kitu. Alitafuta umbo linaloshikika, linalofungika kwa kamba kwenye mzigo, linalotambulika toka mbali na lisiloweza kukanganywa na la mwingine. Ni masuala yale yale anayoyakabili mchongaji wa leo anapopewa uwanja wa mji.

Hata hivyo msalaba huo si kitu kitupu kisicho na siasa. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, na sarafu za mwaka 1961 za serikali yake zilikuwa na ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga, waliotaka Katanga ijitenge tena, walipoingia Lubumbashi walikuja na bendera hiyo hiyo, na watu wakafa. Anayefikiri kuusimamisha msalaba wa shaba wa mita tano kwenye njia panda ya Likasi hana budi ajue kwamba mzee mmoja ataona ufundi wa mababu, na jirani yake ataona vita. Umbo lisilo na uso nalo lina kumbukumbu.

Lakini linavumilia zaidi kuliko uso, na Kinshasa imetoa mifano yote miwili. Sanamu ya Leopold II akiwa juu ya farasi iliondolewa enzi za Mobutu. Februari 2005 wakubwa fulani wakaona irudishwe. Ikasimamishwa, na baada ya saa chache ikashushwa tena, maana hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mtu yule arudi kuwatazama Wakongomani kutoka juu.

Sasa tazama mnara wa Limete, ule wa njia panda wanaouita Échangeur. Ulibuniwa na msanifu Olivier-Clément Cacoub, ukajengwa miaka ya 1970 kama fahari ya utawala wa Mobutu: nguzo za zege zilizokumbatiana na kupanda mita 210, bila sura ya mtu. Kwa miaka mingi ulikaa bila kukamilika. Kama ungekuwa na uso wa Mobutu, ungeangushwa mwaka 1997. Badala yake ulipewa maana nyingine. Sanamu ya Patrice Lumumba ikawekwa mbele yake, na tarehe 30 Juni 2022 jino lake, mabaki pekee ya mwili wake, likazikwa hapo baada ya Ubelgiji kulirudisha. Kabla ya maziko hayo jeneza lilipitishwa Shilatembo, kwenye njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, mahali alipouawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961. Mnara uliojengwa na mtu aliyeshiriki kumwangusha Lumumba ndio umekuwa kaburi lake. Zege halikubadilishwa hata kidogo.

Pwani nako wamewahi kuona jambo la jinsi hiyo. Pembe kubwa za barabara ya Moi, Mombasa, zilijengwa miaka ya 1950 kupamba ziara ya jamaa wa kifalme wa Uingereza. Ni mabati ya alumini yaliyopindwa na kukutanishwa juu ya barabara. Pembe ni pembe, hilo halifichiki, ila tembo hayupo, na ukiziangalia kwa mbali zinachora herufi M juu ya magari. Wageni hao wa kifalme wamesahauliwa. Pembe zimekuwa Mombasa yenyewe, na hakuna harusi wala msafara wa kisiasa usiopita chini yake.

Ulinganisho huu una maana kwa Likasi kwa sababu malighafi iko mlangoni. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitoa shaba kwa njia ya umeme tangu enzi za Wabelgiji. Kathodi, yaani mabamba ya shaba safi ya karibu mita moja kwa mita moja, hufungwa kwa mikanda ya chuma na kupakiwa kwenye malori yanayoshika barabara ya taifa namba moja kuelekea Lubumbashi, Kasumbalesa na bandarini. Mtoto wa Panda anayaona kila siku. Bronzi ya wachongaji ni shaba hiyo hiyo, kwa kawaida sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati, na bati nalo lilikuwa likichimbwa Manono, katika Katanga ile kubwa ya zamani. Mchanganyiko wote unapatikana bila kuvuka mpaka.

Ikishawekwa nje, shaba haitulii. Inang'aa wiki chache, inageuka kahawia, inakuwa karibu nyeusi, kisha baada ya miaka inaanza kuota kijani pale maji ya mvua yanapotiririka. Rangi hiyo haiozeshi sanamu. Ni ngozi ngumu inayoikinga shaba iliyo chini yake. Hewa ya viwanda yenye salfa huleta kijani cha aina moja, upepo wa chumvi wa baharini huleta kingine. Na malakiti, yale mawe ya vilima vya Likasi yanayochongwa kuwa mayai, vikuku na visanduku vya kuuzia wageni, ni ndugu wa karibu wa ngozi hiyo: shaba iliyokutana na maji na hewa ukaa chini ya ardhi kwa muda mrefu sana. Madini mengine ya shaba ya mji huu ni adimu kiasi kwamba moja, la buluu, limepewa jina lake na kuitwa likasite. Mchongaji wa Uropa hupaka tindikali kwenye bronzi yake ili kuiharakishia kijani. Wa hapa angeweza kuweka jiwe na chuma vikae bega kwa bega, kila mtu ajionee mwanzo na mwisho.

Aliyeichukua shaba ya Katanga na kuipeleka mbali zaidi katika sanaa ya leo ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978 na mmoja wa waanzilishi wa Picha, kituo kinachoandaa maonyesho ya kimataifa ya sanaa jijini humo. Alianza na kamera, akipiga picha za mitambo iliyokufa ya Gécamines. Baadaye akaingia katika chuma chenyewe. Kwenye maonyesho ya Venice ya mwaka 2015 aliweka kuba la shaba lililogongwa alama za chale, zile zilizokuwa zikichanjwa kwenye miili ya watu kueleza ukoo na cheo. Mbele ya Grand Palais, Paris, aliweka sanamu mbili kubwa za shaba alizoziita Johari – Brass Band, maumbo yanayokumbusha tarumbeta zilizojikunja, nazo zina chale mwilini. Hazina uso, ila ngozi zinayo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo sanamu dhahania ya Kikatanga ilipojipatia lugha: badala ya kuazima tundu la Hepworth, imechukua alama zilizokuwa juu ya mababu na kuzirudisha juu ya madini yaliyotoka chini ya miguu yao.

Limebaki suala ambalo fundi yeyote wa Likasi angeliuliza kwanza, kabla hata ya maana: itadumu usiku mingapi?

Wanunuzi wa vyuma chakavu wako kila kona ya Haut-Katanga, na nyaya za umeme za shaba hukatwa na kuuzwa kwa kilo. Sanamu ya bronzi ya tani moja iliyosimama peke yake gizani ni mshahara wa miaka. Wala si tatizo la umaskini wa Kongo tu. Desemba 2005 wezi waliingia kwa lori katika viwanja vya Henry Moore huko Perry Green, Uingereza, wakaondoka na sanamu ya zaidi ya tani mbili iliyokadiriwa thamani ya pauni milioni 3. Polisi waliamini baadaye kwamba ilikatwakatwa na kuyeyushwa, na kwamba huenda iliwaingizia wezi pauni 1,500 hivi. Desemba 2011 zamu ikawa ya Hepworth. Kazi yake ya maumbo mawili ya duara lililogawanywa, iliyokuwa katika bustani ya Dulwich, London, tangu mwaka 1970, iling'olewa usiku.

Halmashauri ya Southwark, yenye bustani hiyo, haikuweka bronzi nyingine. Mwaka 2015 ilisimamisha kazi ya Conrad Shawcross iitwayo Three Perpetual Chords, vitanzi vikubwa vilivyopindwa kwa kufuata hesabu za sauti za muziki, navyo vimesubiwa kwa chuma cha kawaida, ambacho mnunuzi wa chakavu hukilipia sehemu ndogo tu ya bei ya shaba. Watoto wanaruhusiwa kuvikwea. Hesabu ya Likasi inaelekea huko huko: chuma au zege kwa njia panda, ambako hakuna mlinzi, na shaba kwa mahali penye ukuta na taa, kama ua wa meya, shule au hospitali, ambako kijani chake kitakuwa na muda wa kutosha kuota.